Wana wa Kiungani na Kumbukumbu Zetu

Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya UMCA alihamishia kazi yake Unguja. Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Watoto hao, waliovuliwa ukoo, lugha na hata majina, ndio mwanzo wa shule iliyokuja kuitwa Kiungani, nje kidogo ya mji.

Shule hiyo haikuwa ya Walutheri. Ilikuwa ya ndugu zetu Waanglikana. Hata hivyo matunda yake yamefika mezani petu. Askofu Edward Steere alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na vijana wa misheni walijifunza kupanga herufi na kupiga chapa. John Swedi, mmoja wa wale watano, alibarikiwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alisoma Kiungani, akapelekwa Chitangali, upande wa Newala, na mwaka 1890 akawa kasisi. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alirudi bara akiwa mchungaji wa watu.

Tunayajuaje haya? Kwa sehemu ni kwa sababu mtu fulani aliwaambia wanafunzi waandike. Mwaka 1887 Arthur Madan, mwalimu katika misheni ile, alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na vijana wenyewe: kwao kulikuwaje, vita viliingiaje, walikamatwaje, walipitia mikono ya nani hadi pwani. Ni ushahidi wa thamani kubwa, maana watumwa wengi walikufa bila kuulizwa lolote. Lakini kitabu kilichapishwa London, tena kwa Kiingereza, tafsiri ya Madan. Vijana wa shule iliyokieneza Kiswahili kwa matbaa yake, habari zao twazisoma leo kwa lugha ya wageni.

Shule yenyewe haikudumu mahali pake. Katika miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia Minaki, Kisarawe. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, bado limesimama na wageni hulitembelea kila siku. Kiungani haina mnara wa namna hiyo. Imebaki katika maandishi na katika watu.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Wamisheni wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na shule zikafuata kila walipofungua kituo. Vita viwili vya dunia viliwaondoa Wajerumani, na waalimu Waafrika wakabaki kushika chaki na Injili pamoja. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule nyingi za makanisa. Nyingine zilibadilishwa majina, nyingine zilibadilishwa kazi. Picha nyingi za wamisheni wale zimehifadhiwa vizuri Ujerumani. Katika picha za namna hiyo mara nyingi mmisheni hutajwa kwa jina, na walio mbele yake huitwa "wanafunzi" tu.

Lakini hao wanafunzi ni babu na bibi zetu. Majina yao yangalipo katika vichwa vya wazee wachache waliosalia, na katika masanduku ya bati yenye vyeti, barua, daftari za nyimbo na picha zilizoanza kufifia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tunapomzika mzee aliyesoma katika shule hizo, tunazika na majina ya darasa zima.

Yoshua aliagizwa kutwaa mawe kumi na mawili katika Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Mawe hayakutakiwa kwa ajili ya Mungu, maana Yeye hasahau. Kwa kinywa cha Isaya alisema amewachora watu wake katika vitanja vya mikono. Anayesahau ni sisi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Waliosoma pamoja wakutane wangali hai. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina kwa penseli, kuanzia kushoto. Wazee warekodiwe kwa simu, kwa lugha wanayoiweza vizuri zaidi. Nakala moja ibaki kwa familia, moja usharikani, moja dayosisi, ili moto au mchwa wasimalize zote. Na yaandikwe pia yaliyouma: viboko, njaa, wasichana waliokatishwa masomo. Vijana wa Kiungani hawakuficha minyororo yao, na ushuhuda wao haukupungua kwa hilo.

Wale wa Kiungani waliulizwa habari zao wakiwa bado watoto. Wetu wana miaka themanini na zaidi, na wengi hawajaulizwa hata mara moja.