Kivuli cha Mche wa Karafuu Unguja na Pemba

Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia ya leo, kwenye joto na unyevu wa kudumu. Waholanzi waliuhodhi kwa muda mrefu, hadi Mfaransa Pierre Poivre alipofanikisha kupelekwa kwa miche Mauritius mwaka 1770. Mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu zikafika Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa. Anayetajwa zaidi kuwa mletaji ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Oman aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimnyang'anya mashamba hayo, kisha akawaagiza wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Amri hiyo isingezaa kitu bila ustadi wa kitaluni. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki: ikikauka imekufa. Tunda lililoiva liliokotwa, likalowekwa mpaka ganda likalainika na kumenyeka, na mbegu ikatiwa ardhini mara moja. Juu ya matuta zilijengwa chanja za fito, zikaezekwa makuti kwa urefu wa kumwezesha mtu kuinama na kumwagilia chini yake. Jua la kaskazi likiupata mche mchanga, majani huungua na ncha hukauka. Kwa hiyo maji yalimwagwa asubuhi na jioni, na miche ikatunzwa hivyo kwa karibu mwaka mzima. Kazi iliyohitaji jicho zaidi ni ya mwisho, yaani kuyapunguza makuti kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Kuyaondoa yote kwa siku moja kulitosha kuua kitalu kizima.

Masika yalipoanza, miche ilihamishiwa shambani pamoja na bonge la udongo wake, ikaachiana futi 20 hadi 30. Kati yake ulipandwa muhogo au migomba, ambayo ilitoa kivuli, ikakinga upepo na kulisha watu. Mavuno ya kwanza yalisubiriwa miaka mitano au zaidi.

Maji hayo yalichotwa, na magugu yakapaliliwa, na watumwa waliotolewa bara. Kumsifu Sayyid Said kwa mashamba yale bila kuwataja wao ni kuiacha nje kazi yenyewe.

Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi hicho, na bei iliyopanda baada ya hapo ikawahimiza wenye mashamba kupanda zaidi huko. Ndiyo maana hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi wa walioachiwa huru walibaki mashambani kwa makubaliano: walilima muhogo wao katikati ya mikarafuu, na badala yake wakaipalilia mikarafuu hiyo. Kivuli cha mche kikawa chakula cha mkulima kwa haki yake.

Mapinduzi ya 1964 yalifuatiwa na ugawaji wa ardhi kwa eka tatu tatu. Kazi ya kitalu nayo imebadilika: mbegu sasa huoteshwa kwenye viriba vya plastiki, na serikali hugawa miche kwa wakulima kutoka vitalu vyake. Viriba hivyo bado huwekwa chini ya makuti au neti, na mche ukitoka hapo hupandwa kando ya mgomba uliokwisha kukomaa.