Ibara Zilizofungiwa Miaka Mitatu

Anayeisoma Sheria Na. 15 ya mwaka 1984 peke yake ataamini kwamba Watanzania walipata haki zao mwaka huo. Sheria hiyo, ambayo ni marekebisho ya tano ya Katiba ya mwaka 1977, iliingiza ibara za usawa mbele ya sheria, uhuru wa mawazo, haki ya kumiliki mali na nyinginezo. Lakini ina pacha wake asiyesomwa sana, Sheria Na. 16 ya mwaka huohuo. Huyo ndiye aliyezizuia mahakama kuzitumia ibara hizo kutengua sheria yoyote kwa miaka mitatu tangu zilipoanza kutumika, hadi Machi 1988. Haki ziliandikwa, kisha zikafungiwa.

Kwa nini Serikali ilijipa muda wote huo? Jibu limo katika nyaraka za zamani zaidi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Uganda mwaka uliofuata, na Kenya mwaka 1963, ziliondoka mezani na Waingereza zikiwa nayo. Serikali ya chama tawala, TANU, iliikataa kwa hoja kwamba majaji, ambao wakati huo walikuwa wageni, wangeitumia kukwamisha mipango ya maendeleo. Haki zikabaki kwenye dibaji. Mwaka 1962 ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani.

Ripoti ya mwaka 1965 ya tume ya mfumo wa chama kimoja, iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, haifichi kitu. Wajumbe wanasema wazi kwamba sura ya haki ingewagonganisha majaji na Serikali na Bunge, na kwamba maadili ya taifa yaliyotamkwa kwenye dibaji yangetosha. Badala yake walipendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ipokee malalamiko ya wananchi. Ni nadra watawala kuandika hofu yao waziwazi namna hiyo. Dibaji yenyewe ilipofika mahakamani, katika kesi ya Hatimali Adamji iliyoripotiwa mwaka 1973, Jaji Biron aliona kwamba haina nguvu ya sheria.

Hata hivyo, asiwepo wa kuionea Kenya wivu kwa kusoma Katiba yake tu. Sura ya haki ilikuwamo, na bado kiongozi wa upinzani, Oginga Odinga, aliwekwa kizuizini mwaka 1969.

Ndiyo maana ripoti za kesi zina utamu kuliko matini ya Katiba. Agosti 1988, miezi mitano tu baada ya mahakama kufunguliwa mlango, mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akapinga: mila za Kihaya, zilizokwisha kuandikwa rasmi mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inabagua, akaitegemea Katiba pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia. Mauzo yakabaki halali.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakata shauri la Daudi Pete na kutengua kifungu kilichonyima dhamana baadhi ya watuhumiwa. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ikaondoa sharti la kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki.

Bunge halikukaa kimya. Sheria Na. 33 ya mwaka 1994 iliagiza kwamba maombi ya kudai haki hizo yasikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu wakiketi pamoja. Hukumu ya Mwanza ilikuwa ya jaji mmoja.