Frans Hogenberg na Bamba la Shaba: Picha ya Kilwa na Isnadi Yake

Utangulizi

Wengi wetu tuliosoma historia ya Waswahili tumepata kuiona picha moja ya Kilwa: mji wa kisiwani, majumba yamesongamana, minara imesimama juu ya mapaa. Picha hiyo imechapishwa tena na tena vitabuni, na mara nyingi chini yake pameandikwa neno moja tu, Kilwa, kana kwamba mji ulijichora wenyewe. Mhadhara huu unakusudia kumtambulisha fundi aliyeichonga, Frans Hogenberg, na kuiulizia picha yake swali ambalo wanazuoni wa Hadithi huliuliza kila habari iwafikiayo: isnadi yake ni ipi?

Maisha na kazi ya mnakshi

Hogenberg alizaliwa katika miaka ya 1530 mjini Mechelen, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Kunakshi shaba ilikuwa kazi ya ukoo: baba yake, Nicolas, alikuwa mchoraji na mnakshi, na nduguye Remigius alifanya kazi hiyohiyo huko Uingereza.

Yafaa tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu hoja yetu imejengwa juu yake. Fundi hulisugua bamba la shaba nyekundu hata likang'aa, kisha hulichora kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali inayokata mifereji myembamba. Kila kitu hukichonga kinyume, kama kionekanavyo kiooni, ili kikipigwa chapa kisomeke sawa. Hupaka wino, hufuta uso wa bamba, na wino hubaki mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, vyote viwili vikapitishwa katikati ya magogo ya shinikizo, na karatasi huufyonza wino uliomo. Mstari utokao ni mwembamba na mkali kuliko ule wa kibao cha mti, ndiyo maana watengenezaji ramani wa karne ya 16 waliipenda mno shaba.

Mjini Antwerp, Hogenberg alichonga ramani nyingi za kitabu cha Abraham Ortelius, Theatrum Orbis Terrarum, kilichotoka mwaka 1570 na ambacho huhesabiwa kuwa atlasi ya kwanza ya zama mpya. Lakini kabla kitabu hicho hakijatoka, nchi ilikuwa imekwisha kuingia katika fitina. Mwaka 1566 Waprotestanti walivunja sanamu makanisani. Mwaka 1567 Duke wa Alba aliwasili na jeshi la Hispania kuwaadhibu. Hogenberg, aliyekuwa Mprotestanti, alihama, akafanya maskani Cologne. Huko alianza kutoa mfululizo wa picha za vita na misukosuko ya nchi aliyoiacha, mojawapo ikionyesha uvunjaji wa sanamu wa 1566. Katika picha hizo alikuwa mwenyeji wa habari, na alikuwa na upande.

Huko Cologne ndiko alikoshirikiana na Georg Braun, kasisi wa Kikatoliki. Tofauti ya madhehebu haikuwazuia kuanzisha Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1572 na ya sita mwaka 1617. Braun alisimamia maandishi ya Kilatini. Hogenberg alikuwa mnakshi mkuu hadi alipofariki Cologne mwaka 1590. Juzuu zote sita zina picha zaidi ya 500.

Ukurasa wa pwani yetu

Katika juzuu ile ya 1572 mna ukurasa mmoja wenye miji minne. Aden imechukua nafasi ya juu. Chini yake zimepangwa picha tatu ndogo: Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Hogenberg hakupata kuitia machoni hata mmoja. Picha za miji ya mbali ya Afrika na Asia zililetwa na Constantin van Lyskirchen, mfanyabiashara wa Cologne, naye alizipata kutoka michoro ya Kireno. Hata tahajia ya majina inashuhudia hilo: Quiloa ni Kilwa iliyopita katika kinywa cha Mreno. Mvita, jina ambalo wenyeji waliuita mji wao, halimo katika vichwa vya picha.

Basi isnadi imekaa hivi: mchoraji wa Kireno ambaye jina lake halikuhifadhiwa, mfanyabiashara, mnakshi, mpiga chapa. Kwa hesabu ya miaka, kitabu kilitoka miaka 67 baada ya Francisco de Almeida kuivamia Kilwa mwaka 1505, na miaka 60 baada ya Wareno kuihama ngome yao huko mwaka 1512.

Je, tuitupe picha? La hasha. Walioshuhudia uvamizi wa 1505 waliandika habari za nyumba za mawe na chokaa, tena za ghorofa. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, yanathibitisha ujenzi wa mawe ya matumbawe. Kwa hiyo msongamano wa majumba pichani una msingi. Minara, kwa upande mwingine, haina shahidi wa namna hiyo: misikiti ya kale ya pwani kwa kawaida haikuwa na minara mirefu, na Msikiti Mkuu wa Kilwa una makuba. Mkono uliozoea kuchora miji ya Ulaya ulijaza pale habari zilipopungua.

Hitimisho

Hapa ndipo kazi ya shaba inapotupoteza. Kalamu iliyochonga Antwerp, mji alioujua fundi mtaa kwa mtaa, ndiyo iliyochonga Kilwa, na mstari ni uleule, mkali, usio na shaka. Shaba haina namna ya kuchora wasiwasi. Msomaji huuona wembamba wa mstari akadhani ni uthabiti wa habari.

Tumejifunza kuuliza nani alinakili hati ya utenzi, lini, na kutoka nakala ipi. Adabu hiyohiyo tuipe picha. Mwanafunzi atakayeitia picha hii katika tasnifu yake asiandike Kilwa peke yake. Aandike kwamba ni Kilwa kama ilivyochongwa Cologne, mwaka 1572, kutoka mchoro wa Kireno, kwa mkono wa mtu ambaye hakupata kufika. Hapo atakuwa amemtendea haki mnakshi, na Kilwa pia.