Kipande cha Shingoni, Kipande cha Mfukoni

Kabla ya kipande, mfanyakazi aliyechoshwa na shamba la mlowezi aliweza kuondoka usiku, ajiite jina lingine, aanze upya kwingine. Mlango huo ulifungwa na sheria ya kusajili wenyeji, iliyopitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kutembea na karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na, hapa ndipo palipouma, habari za kazi: ameajiriwa na nani, analipwa ngapi, ameachishwa lini. Bila sahihi ya mwajiri wa kwanza, hakuna wa pili. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikipinga pamoja na kodi na mishahara kupunguzwa. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kumdai ulimiminiwa risasi. Halafu ikaja sheria ya 1947, ya kusajili watu wa rangi zote, na walowezi walipoambiwa nao watie vidole kwenye wino, wakaja juu! Kumbe aibu yake walikuwa wanaijua siku zote.

Sisi kitambulisho bado tunakiita kipande, ila hasira imeisha. Fika kwenye jengo lolote mjini, soja wa getini atakwambia ulete ID, uandike jina, namba ya simu na saa ya kuingia. Tunaandika, tena kwa haraka kwa sababu nyuma kuna foleni. Hicho kitabu kikijaa kinapelekwa wapi? Hatuulizi.

Mwaka 2019, Huduma Namba ilipokuja, wengi wetu tulipiga foleni vilevile. Kati ya waliokwenda kortini lilikuwamo shirika la kutetea haki za Wanubi, watu ambao vijana wao walikuwa wamezoea kusailiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Wao hofu yao ilikuwa mbili kwa mpigo: serikali kuwajua kupita kiasi, na serikali hiyohiyo kukataa kuwatambua. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa DNA na alama za GPS za makazi, ikataka kwanza kuwe na kanuni za kutosha. Kufikia hapo mamilioni walikuwa wameshatoa vidole vyao.