Darasa la watoto 90: namna gani kuwashika wote katika somo?

Saa mbili ya asubuhi. Mwalimu ameita mtoto mmoja ubaoni, afanye hesabu: 48 kutoa 19. Mtoto anashika chaki, anafikiri, anaandika, anafuta, anaanza tena. Dakika mbili zinapita. Na wale wengine 89, wako wanafanya nini? Wa mbele wanaangalia. Wa katikati wanaongea. Kule nyuma mmoja amelala, wawili wanagombania biki. Mwalimu anageuka, anapiga kelele, anachukua fimbo. Hesabu yenyewe imekwisha kusahaulika.

Picha hii inajulikana na wengi, iwe Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ao Bunia. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka mwezi wa 9 mwaka 2019, wakati utekelezaji ulianza. Watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani wakaingia shuleni, na hiyo ni furaha. Shida ni kwamba vyumba, viti na walimu havikuongezeka kwa mwendo uleule. Kisha vita ikahamisha watu, na shule zingine zikapokea pia watoto wa wale waliokimbia vijiji vyao.

Kwa hiyo swali la walimu wengi ni hili: kabla serikali haijajenga vyumba vingine, tufanye nini na hawa watoto wote tulio nao leo?

Fujo inatoka wapi?

Mtafiti mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, alitoa kitabu mwaka 1970 juu ya utulivu darasani. Alikuwa amechunguza walimu wengi wakiwa kazini. Alitazamia kuona kwamba walimu wenye madarasa matulivu wana namna yao ya kuazibu. Hakuona hivyo. Tofauti ilikuwa katika mambo wanayofanya mbele fujo haijaanza: wanaona kila pembe ya darasa, wanapita kutoka kazi moja kwenda ingine bila kupoteza wakati, na wanapanga somo namna kila mtoto awe na kitu cha kufanya.

Tupige hesabu kidogo. Kama watoto 90 wanapita ubaoni mmoja mmoja, kila mtu dakika moja, hiyo ni saa moja na nusu. Kila mtoto atakuwa amefanya kazi dakika moja, na amengojea dakika 89. Mtoto asiye na kazi anajitafutia ingine. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kupunguza ule wakati wa kungojea.

Mbinu tano zisizoomba makuta mengi

1. Wote waandike pamoja. Mwalimu anatoa hesabu, kila mtoto anaandika jibu kwenye ardwazi, kile kibao kidogo cheusi. Mwalimu akipiga mkono, wote wanainua. Kwa kuangalia mara moja tu anaona nani ameelewa na nani hapana. Kama ardwazi hakuna, kipande cha karto kilichopakwa rangi nyeusi kinafaa. Hata vidole vinaweza: "Jibu ni A, inua kidole kimoja. Ni B, inua viwili."

2. Swali kwanza, jina baadaye. Mwalimu akisema "Furaha, 7 mara 8 ni ngapi?", wengine wote wanapumzika, sababu wanajua si wao. Lakini akiuliza swali, akanyamaza kidogo, kisha ndio aite jina, kila mtu anafikiri kwa kuogopa kuitwa. Kule kunyamaza kuna maana kubwa. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe alipima wakati walimu wanaongojea jibu, akakuta wengi wanangojea karibu sekunde moja tu. Wakingojea sekunde tatu ao zaidi, majibu yanakuwa marefu, na watoto zaidi wanajaribu kujibu.

3. Wawili-wawili. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anafikiri peke yake, anaelezea jirani yake wa kiti, kisha wachache wanasema mbele ya wote. Njia hii ilielezwa na Mmarekani Frank Lyman mwaka 1981, na inafaa sana kwetu, sababu haiombi kuhamisha viti. Kwa dakika mbili tu, nusu ya darasa imezungumza juu ya somo. Ndiyo, kutakuwa kelele. Lakini kelele ya kazi si fujo.

4. Alama moja ya kunyamaza. Kupiga makofi kwa mapigo fulani na watoto wanaitikia, ao kuinua mkono mpaka wote wainue. Alama ifundishwe tangu juma la kwanza, na isibadilishwe kila siku. Mwalimu anayepiga kelele kutoka asubuhi, saa tano sauti imekwisha, na watoto wamekwisha kuizoea.

5. Vikundi na viongozi wa zamu. Kila kikundi kiwe na kiongozi wa kugawa vitabu na kusaidia wenzake. Abadilishwe kila juma, na asipewe fimbo hata kidogo. Viti pia vizunguke: wa nyuma waje mbele. Mtoto anayebaki nyuma mwaka muzima anaweza kumaliza mwaka bila mwalimu kuona daftari yake.

Na fimbo?

Sheria ya tarehe 10/1/2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba nizamu, nyumbani na shuleni, lazima imtendee mtoto kwa utu. Hata tukiacha sheria pembeni, fimbo inanyamazisha kinywa lakini haifungui akili. Mtoto anayeogopa kukosea haulizi swali, na mwalimu hatajua kwamba hakuelewa.

Tukumbuke pia kwamba si kila anayelala ni mvivu. Kuko anayekuja bila kula. Kuko aliyekimbia vita na hajalala vizuri tangu siku hizo. Huyo akaribiwe polepole, aulizwe kwa sauti ya chini, si mbele ya wote.

Lugha nayo inahesabika. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na katika madarasa ya chini ina nafasi yake katika kufundisha. Watoto wengi wanaoonekana hawafuati, ni Kifaransa ndicho hawajasikia bado. Wakielezwa kwa Kiswahili, macho yanafunguka.

Mbinu zina mipaka

Tuseme ukweli: watoto 90 katika chumba kimoja ni wengi kupita kiasi. Hakuna mbinu inayochukua nafasi ya chumba kingine, wala ya mshahara wa mwalimu anayefundisha bila kulipwa. Wazazi wasinyamaze juu ya mambo hayo katika mikutano ya komite yao. Lakini mtoto aliye mwaka wa pili leo hatarudia kuwa na miaka saba. Akipoteza mwaka huu, kusoma na kuandika vitamsumbua kwa muda mrefu.

Wewe mzazi, jioni usimuulize mtoto tu kama alienda shuleni. Muulize: "Leo uliandika nini? Ulijibu swali gani?" Kama kila siku jibu ni "hakuna", nenda kamuone mwalimu. Anza kwa kumsalimia na kumshukuru kwa kazi yake, kisha muulizane pamoja namna gani mtoto huyu naye atapata zamu yake.