Runinga mpya na nyaya mpya: Je, picha huboreka?

WAKAZI wa Kisumu na fuo za Ziwa Victoria wanaponuia kuboresha picha ya runinga, aghalabu hukimbilia kununua runinga yenyewe. Madukani katikati ya jiji skrini pana zimepangwa ukutani, kila moja ikinadiwa kuwa angavu kuliko mwenzake. Lakini picha hupita katika msururu wa vifaa kabla ya kufika sebuleni, na haiwezi kuwa bora kuliko kile kilicho dhaifu zaidi miongoni mwavyo. Katika eneo hili, kifaa hicho mara nyingi kiko juu ya paa.

Matangazo ya dijitali yalizinduliwa jijini Nairobi Desemba 2009, na mitambo ya analogia ikazimwa nchini mwaka wa 2015 baada ya kesi zilizofika hadi Mahakama ya Juu. Februari mwaka huo NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa takriban majuma matatu. Mabadiliko hayo yaligeuza pia maana ya picha mbaya. Katika enzi za analogia, mawimbi dhaifu yalileta chenga na vivuli, lakini mtazamaji aliendelea kuona. Katika mfumo wa sasa wa DVB-T2, picha huwa kamili, au huvunjika vipande vya miraba na kugandaganda, kisha hutoweka. Kwa hiyo antena nzuri hairembeshi picha ambayo tayari ni kamili. Kazi yake ni kuizuia isivunjike.

Baadhi ya antena zilizosalia paani tangu zamani zilitengenezewa mawimbi ya VHF, nazo zina vyuma virefu. Dijitali hurushwa kwa UHF, inayohitaji vyuma vifupi. Nyumba iliyojificha nyuma ya Mlima Homa au vilima vya Gwasi huhitaji mlingoti mrefu zaidi kuliko ile inayotazamana na mtambo bila kizuizi. Namna ya kuielekeza antena si siri ya mafundi: menyu ya king'amuzi huonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wake. Mmoja na azungushe antena polepole huku mwingine akitazama kipimo cha ubora, kwa kuwa nguvu nyingi zenye ubora duni hazina faida. Vyuma vilazwe au visimamishwe kama vya jirani anayepata picha nzuri.

Waya unaoshuka kutoka paani nao husahaulika. Ukiwa mwembamba, au umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, maji ya mvua huingia na kuozesha shaba. Badala yake, waya mmoja usio na kiungo, wa omu 75, aina ya RG-6, hufaa zaidi kuliko mashine ya kukuza mawimbi, ambayo hukuza pia kelele zilizokwisha kuingia. Anayelazimika kuitumia aifunge karibu na antena, si nyuma ya runinga. Kugawa waya mmoja kwa vyumba viwili hupunguza mawimbi ya kila chumba kwa zaidi ya nusu.

Wenye dishi wana adui mwingine. Mawimbi ya setilaiti ya bendi ya Ku yana urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua huyameza na kuyatawanya. Ufuo wa mashariki wa ziwa hupigwa na ngurumo za radi mara nyingi alasiri na jioni, hivyo picha huweza kupotea taarifa ya habari ya saa moja inapokaribia. Hapa kubadilisha kifaa kuna tija ya kweli: dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na hustahimili mvua ambayo lile dogo lingeshindwa nayo. Mawimbi ya UHF ya antena, kinyume chake, huathiriwa kidogo mno na mvua.

Ndani ya nyumba, kosa la kawaida ni waya wa manjano. Waya huo huchanganya mwanga na rangi katika njia moja, na runinga hulazimika kuvitenganisha tena, jambo linaloacha rangi zikichezacheza pembezoni mwa maandishi. Isitoshe, hauwezi kupitisha picha ya HD. Kibanda cha kuonyesha soka kinacholipia king'amuzi cha HD na kukiunganisha kwa waya huo huonyesha mistari 576 tu, hata skrini iwe pana namna gani. Waya wa HDMI huondoa kasoro hiyo. Wa bei ghali hauna cha ziada: katika urefu wa mita mbili, wa kawaida ulio mzima hufikisha picha ileile.

Skrini yenyewe hufuata mwisho. Runinga ya 4K haiwezi kubuni yale ambayo stesheni haikurusha, na chaneli ya kawaida ikitandazwa juu ya inchi 55 huonyesha kasoro ambazo runinga ya inchi 24 ilizificha. Filamu za Nigeria zilizoenea katika VCD zilikuwa na takriban robo ya nukta za DVD. Hakuna waya utakaozirudisha. Mpangilio wa dukani, wenye mwanga na rangi kali, ubadilishwe nyumbani, na picha ya zamani ya pembe nne isivutwe ikajaza skrini. Hilo ni bure.

Stabilaiza haisafishi picha. Hulinda vifaa dhidi ya umeme unaopandashuka. Dhidi ya radi si kinga kamili, na anayesikia ngurumo ikikaribia kutoka vilima vya Nandi angefaa achomoe plagi pamoja na waya wa antena mapema, kabla radi haijafika.