UNAIJUA SIRI YA JINA KARIAKOO? SOMA HAPA UJUE WATU WALIOSAHAULIKA

Ukishuka daladala Posta Mpya ukatembea kidogo mpaka Samora inapokutana na Maktaba, lazima ulione sanamu la askari Mwafrika katikati ya kipilefti, kashika bunduki yenye singe. Watu wanapiga selfi pale, halafu kila mmoja anaendelea na mishe zake. Wanaosimama kusoma maandishi ya chini ni wachache sana.

Sasa mdau, twende taratibu.

Huyu askari alikuja kuchukua nafasi ya mtu mwingine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini hapa sanamu la Hermann von Wissmann, yule kamanda aliyemshinda Abushiri huku pwani na baadaye akawa gavana. Wazee wa mjini jina hilo liliwapa shida, wakalitamka Bismini. Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji na sanamu likang'olewa. Likaishia Hamburg, Ujerumani, na huko nako wanafunzi wa chuo kikuu wakaliangusha miaka ya 1960.

Askari tunayemuona leo, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, aliwekwa 1927. Cha kuchekesha ni kwamba wazee waliendelea kuliita Sanamu la Bismini. Mzungu kaondoka, jina lake likabaki kwa Mwafrika!

Maandishi ya pale yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Yanawataja askari, halafu yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni kuna ahadi, kwamba anayekufa akipigania nchi yake, jina lake halitasahauliwa na watoto wake.

Haya, zunguka sanamu lote. Tafuta jina la askari au mpagazi hata mmoja. Halipo.

Hao wapagazi ni akina nani? Ni wanaume waliokusanywa vijijini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi kwa nguvu. Barabara za magari zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na punda. Kwa hiyo risasi, unga, mahema, vyote vilikwenda kichwani kwa mtu. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, kuhara damu, malaria na uchovu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Na Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, Waafrika hao hao.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipoingia Dar wakawaweka kambini nje kidogo ya mji wa wakati ule. Waswahili wakalitamka wanavyoweza, ikawa Kariakoo. Nairobi nako walikuwa na kambi, ndiyo maana mpaka leo kuna Kariokor.

Vita vikaisha, kambi ikaondoka, soko likashika pale. Leo unaenda Kariakoo kununua simu, vitenge, viatu vya shule, na mtu anakupita na belo la mitumba kichwani anakwambia, "Pisha, mzigo!" Miaka zaidi ya mia imepita na pale bado watu wanabeba.

Kwa hiyo sanamu la Posta limeahidi majina na halina hata moja. Kariakoo hakuna sanamu la wapagazi, lakini kila konda anayeita abiria anawataja bila kujua: "Kariakoo, Kariakoo!"

Tatizo ni kwamba hilo ni jina la kikosi tu. Majina yao wenyewe, kama yapo, yamebaki kwenye koo zetu, na wazee wanaoyajua wanaondoka kila siku.

Mdau, ukoo wenu kuna babu aliyekwenda vitani kubeba mizigo hakurudi? Aliitwa nani? Liandike jina lake hapo chini.